Jinsi Kerneli Inavyozipa Kadi za Mtandao Majina

Kerneli ndiyo sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayosimamia kumbukumbu, diski na kadi za kompyuta kwa niaba ya programu nyingine zote. Kila njia ya data kuingia na kutoka, iwe ya waya au ya Waifai, kerneli huiandikisha kama kiolesura cha mtandao na kuipa vitambulisho viwili: namba, ambayo kerneli yenyewe huitegemea, na jina fupi, ambalo hutumiwa na watu na mafaili ya mipangilio. Katika Linux jina hilo halizidi herufi 15, wala haliruhusiwi kuwa na nafasi au mkwaju ndani yake. Kiolesura kiitwacho lo hakina kadi kabisa. Kupitia hicho kompyuta huzungumza na nafsi yake kwenye anwani 127.0.0.1.

Ugumu wote uko katika swali moja: jina lifungwe kwenye nini?

Mifumo endeshi ya FreeBSD na OpenBSD hulifunga kwenye kiendeshi, yaani programu inayoiongoza kadi. Kadi nyingi za Intel huitwa em0, za Realtek re0, za Broadcom bge0. Msimamizi akiona re0 anajua papo hapo anashughulika na kadi ya aina gani. Lakini kadi ikiungua na ikawekwa ya kampuni nyingine, jina hubadilika na mipangilio lazima iandikwe upya.

Linux ilifuata aina ya mtandao. Kadi ya waya ikawa eth0, ya Waifai wlan0, na namba ya mwisho ikatolewa kwa zamu ya kugunduliwa, kama wanafunzi wanaopewa namba kwa kadiri wanavyofika darasani. Simu za Android, ambazo kerneli yake ni Linux, kwa kawaida huita Waifai yao wlan0 hadi leo. Kwenye kifaa chenye kadi moja utaratibu huu hauna kasoro yoyote, na urahisi wake unastahili sifa.

Kwenye seva yenye kadi mbili au zaidi, mambo ni mengine. Viendeshi hupakiwa kwa pamoja ili mashine iwake haraka, kwa hiyo kadi iliyotangulia jana inaweza kuchelewa leo. Chukua kompyuta inayokaa kati ya mtandao wa ofisi na intaneti: masharti ya kuzuia wavamizi yameandikwa kwa eth0, na ruhusa za wafanyakazi kwa eth1. Umeme ukikatika na kurudi, majina yakabadilishana, basi ulinzi unaelekezwa ndani na ruhusa zinaelekezwa nje. Hakuna waya uliochomolewa, wala mtu aliyegusa faili lolote. Hitilafu ya namna hii ni ya hatari kwa sababu kila kitu huonekana kizima.

Tiba ya kwanza ilikuwa udev, programu iliyoandika kwenye faili anwani ya kiwandani ya kila kadi, yenye biti 48, pamoja na jina lake. Kadi ikibadilishwa, mpya iliitwa eth1 kwa kuwa eth0 bado ilikuwa imehifadhiwa kwa ile iliyotupwa. Tena, udev ilitumia majina yaleyale ya kerneli, hivyo ilipotaka kuirudishia kadi jina la eth0, huenda kerneli ilikuwa imeshalitoa kwa kadi nyingine.

Dell ilitengeneza programu ya biosdevname, inayofuata mahali kadi ilipochomekwa, na mfumo wa Linux uitwao Fedora, toleo la 15, ukaitumia mwaka 2011. Wazo hilohilo likaingia katika systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux, toleo la 197, mwaka 2013, kisha likaenea hadi mifumo mingine ya Linux kama Red Hat Enterprise Linux 7 na Debian 9. Hapo ndipo yalipotoka majina kama enp3s0: en ni Ethernet, yaani mtandao wa waya, p3 ni basi (njia ya data inayounganisha kadi na kompyuta) la PCI namba 3, s0 ni tundu namba 0. Kadi iliyojengwa kwenye ubao mama huwa eno1, na ya Waifai huweza kuwa wlp2s0. Kwa macho ni majina mabaya, lakini kwa seva ndiyo yanayofaa zaidi, maana mashine ikizimwa na kuwashwa tena hayategemei nani aliwahi.

Hata hivyo, kuongeza kadi mpya ya PCI kunaweza kusogeza namba za mabasi, enp3s0 ikawa enp4s0. Kwa vifaa vya USB, Debian na Ubuntu hutumia enx ikifuatwa na tarakimu 12 za anwani ya kadi, jumla herufi 15, kikomo chenyewe. Anayeunganisha kompyuta kwenye intaneti ya simu kwa waya wa USB anaweza kukuta jina jipya kila anapochomeka, kwa sababu simu nyingi hubuni anwani mpya kila mara. Tangu Linux 5.5 ya mwaka 2020, kiolesura kimoja kinaweza pia kubeba majina ya ziada ya hadi herufi 127, na amri za mtandao hukitambua kwa lolote kati ya hayo.