Mbwa Aliyebaki Nyumbani Wakati wa Sikukuu

Kaeni karibu na redio, na kila mmoja aweke karatasi na kalamu tayari, maana leo tutaandika. Somo letu ni juu ya wanyama wanaobaki bila mtu wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya, na hasa mbwa.

Tuanze hapa Msalato. Ninyi mnaokaa kando ya barabara iendayo Kondoa mmeona jinsi nyumba zilivyoongezeka tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia Dodoma. Katika nyumba hizo wamo watu wengi ambao kwao ni mbali: Moshi, Bukoba, Mbeya. Sikukuu ikikaribia hufunga mlango, hupanda basi, huenda kula Krismasi na wazee wao. Hilo ni jambo jema. Lakini mbwa hapandi basi. Yeye hubaki uani, pengine amefungwa mnyororo, na mbele yake sufuria moja ya maji.

Nasema sufuria moja kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe. Mwaka mmoja nilisafiri siku nne. Nilimwachia mbwa wangu maji na ugali, nikaona nimemaliza kazi. Kumbe kuku waliipindua sufuria siku ile ile ya kwanza. Mbwa naye alizunguka mti mpaka mnyororo ukamwishia, kivuli kikahama, akabaki juani. Jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima, alisikia analia. Akampitishia maji kwa kopo penye tundu la ua, asubuhi na jioni, mpaka niliporudi. Bila yeye nisingemkuta hai. Niliona haya sana, maana katika nyumba zile mbili mimi ndiye niliyeitwa msomi.

Sasa tuulize: kwa nini maji ni jambo kubwa hivyo? Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Yeye hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kila anapohema maji humtoka. Mbwa wa kilo 15 huhitaji karibu lita moja kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Nanyi mwalijua jua la Dodoma mwezi wa Desemba, mvua ikichelewa. Basi maji yawe katika chungu kizito, au katika ndoo iliyofukiwa nusu ardhini ili isipinduliwe. Yawe mahali penye kivuli asubuhi na alasiri pia, si asubuhi tu. Hata hivyo maji ya siku nne hayawezi kuachwa peke yake. Lazima awepo mtu wa kuja kila siku.

Huenda mmesikia kwamba mahali pengine ziko nyumba za kutunzia wanyama waliotupwa. Ni kweli. Mjini London mama mmoja, Mary Tealby, alianzisha nyumba ya mbwa waliopotea mwaka 1860, na nyumba hiyo ingaliko, katika mtaa wa Battersea. Nairobi, sehemu za Karen, kiko chama cha KSPCA. Mkoani Arusha kipo kikundi kiitwacho Mbwa wa Africa. Wakati wa sikukuu watu huzisaidia nyumba za namna hii kwa chakula, kwa mablanketi ya zamani, au kwa kumchukua mbwa mmoja nyumbani kwao siku chache. Lakini nyumba hizo ni chache, nasi tuko mbali nazo. Kwetu sisi, jirani ndiye nyumba hiyo.

Tena jambo hili si la huruma peke yake. Mbwa mwenye njaa hukata kamba akaenda zake. Usiku wa Mwaka Mpya, fataki zikilia, hata mbwa aliyeshiba hukimbia kwa hofu. Atakwenda wapi? Atakwenda penye mifupa, mnadani au jalalani, na huko atapigana na mbwa asiowajua. Hapo ndipo kichaa cha mbwa huenea. Mwaka 2002 wataalamu walikadiria kwamba ugonjwa huu ulikuwa ukiua watu wapatao 1,500 kila mwaka katika Tanzania, na wengi wao ni watoto. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa. Lakini kabla ya dalili, chanjo humwokoa. Mtu akiumwa na mbwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kesho. Mbwa naye achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, halafu kila mwaka. Mwulizeni ofisa mifugo wa kata yenu. Mkimwona mbwa msiyemjua, watoto wasimshike. Mwekeeni maji kwa mbali, mkamwarifu ofisa huyo.

Juu ya chakula nitasema machache. Msimpe mbwa mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani hupasuka vipande vikali vikamchoma tumboni. Pilau yenye vitunguu vingi pia ina madhara kwake. Ugali na dagaa vyatosha.

Kadhalika iko sheria: Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Chini ya sheria hiyo mwenye mnyama anawajibika kumtunza, wala kusafiri hakumwondolei wajibu huo.

Sasa shikeni kalamu. Mimi nilipoondoka sikumwachia yule bibi neno lolote. Hakujua kusoma, lakini mjukuu wake alijua, angemsomea. Ninyi mtaandika. Nitasoma pole pole, mwalimu aandike ubaoni:

“Ndugu jirani, salamu. Tunasafiri tarehe 22 Desemba, tutarudi tarehe 2 Januari. Mbwa wetu anaitwa Simba. Amechanjwa mwezi wa Septemba. Tafadhali mpe maji asubuhi na jioni, na ugali mara moja kwa siku. Unga na dagaa vimo katika debe jikoni, na ufunguo unao wewe. Mfungue mnyororo usiku, geti likiwa limefungwa. Akiugua, piga simu kwetu. Asante sana.”

Badilisheni jina na tarehe ziwe zenu. Chini yake andikeni namba ya simu kwa tarakimu kubwa, kisha kila mmoja ampe mwenziwe aisome kwa sauti. Ikiwa mwenzio amekwama penye neno, liandike upya.