Mlango Laini Hauanzii kwenye Kopo la Rangi

Usiku washa tochi ya simu, uiegemeze kwenye mlango wa chumba ili mwanga uteleze juu ya mbao kutoka ubavuni. Kila kasoro itajitokeza: mistari ya brashi, matone yaliyoteremka yakakauka njiani, chembe za vumbi, kingo za rangi ya zamani iliyobanduka kisha ikafunikwa. Wengi wakiona hivyo hulaumu rangi na kwenda kununua ya bei kubwa zaidi. Lakini rangi ya mafuta haifichi kitu. Kadiri inavyong'aa, ndivyo inavyoanika yaliyo chini yake.

Kazi huanza na sabuni, si msasa. Pale kwenye kitasa pamejaa mafuta ya mikono ya miaka mingi, mlango wa jikoni una moshi na mafuta ya kukaangia, na ule wa sebuleni huenda umewahi kusuguliwa polishi ya samani. Ukipitisha msasa juu ya uchafu huo, unaushindilia ndani ya mbao, na rangi mpya ikifika hapo hukimbia ikaacha vijiduara kama macho ya samaki. Osha kwa sabuni ya unga, suuza vizuri, acha ukauke. Fungua kitasa, na ukiweza ng'oa mlango wote kwenye bawaba uulaze juu ya stuli mbili. Mlango ukilala, rangi hutambaa na kujisawazisha yenyewe. Ukisimama, huvutwa chini.

Kisha ujue rangi iliyopo ni ya aina gani. Lowesha kitambaa kwa spiriti, usugue sehemu ndogo isiyoonekana. Ikilainika na kutoka ikashika kwenye kitambaa, ni ya maji. Isipotoka, huenda ni ya mafuta, na rangi ya maji ikipakwa juu yake bila msasa wala praima itabanduka kwa kucha. Wanaopulizia duko kwa mashine wawe waangalifu zaidi: thina ya duko ni kali, huweza kuivimbisha rangi ya mafuta iliyo chini ikakunjamana mbele ya macho yako.

Namba za msasa zina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Namba ndogo ina chembe kubwa. Namba 80 au 100 ni ya kuondoa matone na kingo zilizobanduka tu. Ukiishia hapo, michirizi yake itaonekana hata baada ya rangi kukauka. Fuatisha 120, halafu 180, na kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine tumia 240 au 320 kwa mkono mwepesi. Fungia msasa kwenye kipande cha mbao bapa, na usugue kufuata nyuzi za mlango, usizikate.

Hapa nasisitiza jambo la afya. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, lakini kwetu ziliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Vumbi lake huathiri zaidi ubongo wa watoto. Kama nyumba ni ya zamani, tumia msasa wa maji, vaa barakoa, waondoe watoto na wajawazito, na ufute sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia.

Mashimo yazibwe kwa puti ya mbao. Puti ya ukutani haifai, kwani mbao hutanuka na kusinyaa kufuatana na unyevu, nayo hupasuka. Mbao zenyewe nazo zina tabia zake. Mvule una kemikali asilia zinazoweza kuchelewesha rangi ya mafuta kukauka, na vifundo vya paini hutoa utomvu unaopenya rangi nyeupe na kuacha mabaka ya njano. Palipobaki mbao tupu, ziba kwanza kwa shelaki au praima ya kuzuia madoa.

Ndipo rangi ije. Ichuje kwa soksi ya nailoni, hata ikiwa kopo ni jipya. Mafundi wengine huilegeza kwa mafuta ya taa kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Mafuta hayo huondoka polepole, yakaichelewesha rangi na kuipunguzia mng'ao. Petroli ndiyo usiiguse, ni moto unaosubiri cheche. Tumia tapentaini, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Mlango wenye paneli upakwe paneli kwanza, halafu mbao za mlalo, mwisho zile za wima, na kila sehemu imalizike kwa ncha ya brashi iliyokaribia kukauka, ikipita mara moja kuelekea upande mmoja. Ukisharidhika usirudi. Rangi iliyoanza kushika ikiguswa tena ndipo alama za brashi hubaki.

Pwani, jua la adhuhuri huikausha rangi kabla haijajisawazisha, na umande wa usiku huifubaza. Asubuhi, feni zikiwa zimezimwa na sakafu imefutwa kwa maji, ndio wakati mzuri.

Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta hewa ya oksijeni, na huanzia juu. Mkono mzito hushika ngozi huku chini ungali mbichi, kisha hukunjamana. Mikono miwili au mitatu myepesi, kila mmoja ukipewa saa 16 hadi 24, ndiyo inayoleta ulaini. Hesabu hiyo haiingii ndani ya siku moja. Kwa hiyo, mwenye nyumba, unapopatana na fundi bei ya milango, patana naye pia siku za kazi na gharama ya msasa, halafu usimharakishe. Fundi anayelipwa amalize jioni ileile hana namna ya kukupa mlango laini.