Daftari la Mtafiti Lina Deni

Mwaka jana, katika semina ya walimu wa Kiswahili mjini Ukunda, mwalimu mmoja wa kike alinisubiri hadi wenzake walipokwisha kuondoka. Alijitambulisha kuwa mzaliwa wa upande wa Msambweni, kisha akaniuliza kwa adabu: "Daktari, zile kanda za bibi yangu ziko wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mwaka 2004, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nilikaa kijijini kwao kwa wiki sita nikirekodi ngano, nyimbo na maelezo ya mila kutoka kwa wazee wa Kidigo. Bibi yake ndiye aliyenipa mengi kuliko wote. Aliniita mjukuu wake, na kila jioni aliketi mkekani akasimulia mpaka betri za kinasa sauti changu zikaisha nguvu. Nilijaza kanda 6 na madaftari 3. Mimi nikapata shahada. Yeye, miaka michache baadaye, akaaga dunia. Kanda zikakaa ndani ya sanduku juu ya kabati langu. Nilipoifungua tasnifu usiku ule kulitafuta jina lake, nilikuta maneno haya tu: "Msimulizi wa 4, mwanamke, umri miaka 70 hivi."

Siyaandiki haya ili nihurumiwe. Nayaandika kwa sababu kosa hilo halikuanza kwangu, na nachelea kwamba halitaishia kwangu iwapo sisi walimu hatutalizungumza waziwazi mbele ya wanafunzi wetu.

Maandishi ya kwanza ya kina kuhusu mila za watu wa nyuma ya Mombasa tumeachiwa na wamisionari. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Church Missionary Society la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, na wawili hao wakaweka kituo chao Rabai. Mwaka 1848 Krapf alipita nchi ya Wadigo akielekea Usambara kwa Mfalme Kimweri, na habari za safari zake zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1858, kisha kwa Kiingereza mwaka 1860. Charles New wa misheni ya Kimethodisti akatoa kitabu chake mwaka 1873, W. E. Taylor akatoa msamiati wa Kigiriama mwaka 1891. Naye Alice Werner, mtaalamu wa lugha za Kibantu aliyezuru pwani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, akaandika makala ndefu juu ya makabila ya pwani mwaka 1915.

Mtu mwenye haki hawezi kuyabeza maandishi hayo. Watu hao walivumilia homa na misiba. Krapf alimzika mkewe na mtoto wao mchanga Mombasa katika mwaka ule ule wa 1844. Waliandika habari za mabaraza ya wazee wa kambi, za wiki ya siku nne yenye siku yake ya kupumzika, na za tambiko la mvua, wakati ambapo hakuna mwingine aliyekuwa akiziandika. Kamusi ya Kinika waliyoikusanya Krapf na Rebmann, iliyochapishwa mwaka 1887, ingali hazina kwa mwanaisimu yeyote anayetaka kujua lugha hizi zilikuwaje karne ya kumi na tisa.

Lakini hebu tulitazame jina lenyewe: "Kinika", na watu wake "Wanika". Ndilo neno letu nyika, yaani pori. Wenyewe hawakujiita watu wa porini. Waliitwa hivyo na majirani wa mjini, mgeni akalisikia jina kwa majirani hao, akalitia daftarini, na kutoka daftarini likaingia katika ramani na majalada ya serikali. Ilipita karibu karne moja kabla ya jina Mijikenda, yaani miji tisa, kuenea katika miaka ya 1940, likichaguliwa na wenye miji. Hiyo ndiyo nguvu ya daftari: kosa la sikio moja laweza kuishi kuliko vizazi vitatu vya watu wanaojua ukweli.

Lipo jambo zito kuliko jina. Krapf aliandika pia juu ya mwanza, ile sauti iliyosikika wakati wa shughuli za wazee wa kaya, ambayo wanawake na watoto walikatazwa kabisa kumwona mwenyewe. Yeye aliueleza mwanza ni nini na sauti yake hutokana na nini, na tangu mwaka 1860 mtu yeyote ajuaye Kiingereza aweza kusoma. Mimi nimesoma. Walakini sitaeleza hapa, wala sielezi darasani. Si kwamba naogopa kudhuriwa. Ni kwamba sijawahi kumsikia mzee aliyesema kwamba ruhusa hiyo ilitolewa. Kuchapishwa kwa siri hakumwondolei mwenyewe haki yake juu ya siri hiyo.

Jambo hili si la pwani yetu peke yake. Huko Marekani, kaskazini mwa jimbo la Arizona, wako watu waitwao Wahopi. Mwaka 1893 mmisionari wa madhehebu ya Mennonite, Heinrich Voth, alianza kazi katika kijiji chao cha Oraibi. Alijifunza lugha yao, akaandika sherehe zao hatua kwa hatua, akapiga picha, akakusanya vitu vitakatifu, na kazi zake zikachapishwa na jumba la makumbusho la Chicago. Kwa wataalamu lilikuwa jambo la kusifiwa. Kwa Wahopi ilikuwa malalamiko: kwamba aliingia bila idhini katika vyumba vya ibada, na kwamba aliyatangaza mambo ambayo hata watoto wao hawaambiwi kabla ya kuingizwa rasmi katika utu uzima. Matokeo yake yaonekana hadi leo. Mgeni akienda vijijini mwao haruhusiwi kupiga picha, kurekodi wala kuchora sherehe. Na mwaka 2013 vinyago vyao vitakatifu viliuzwa kwa mnada mjini Paris, wenyewe wakipinga mahakamani bila mafanikio. Aliyewahi kusikia habari za vigango vya Wagiriama vilivyoibwa makaburini na kuonekana katika majumba ya makumbusho ya Marekani hatahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna tena suala la nani huandikwa jina. Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Jalada lilibeba jina la Carl Velten. Sehemu kubwa ya kitabu, hata hivyo, iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin tangu mwaka 1900. Mtoro hakuwa "msimulizi". Alikuwa mwandishi, tena mwandishi hodari. Ilibidi kungoja tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, mwaka 1981, ndipo jina lake likawekwa mahali pake katika anwani ya kitabu. Nikimlaumu Velten, yanipasa kwanza nijikumbushe yule "Msimulizi wa 4".

Wapo watakaonijibu kwamba nakuza mambo. Watasema: siri isiyoandikwa hufa pamoja na mzee, na heri tuwe na daftari lenye makosa kuliko kutokuwa na daftari. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Misitu ya kaya iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na mwaka uliofuata mila za kaya hizo zikatiwa katika orodha nyingine, ile ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hiyo maana yake ni kwamba hatari ni ya kweli. Wazee wanapungua, na vijana wa Diani wanaijua ratiba ya hoteli kuliko miiko ya msitu ulio nyuma ya hoteli hiyo.

Lakini anayekwenda Kaya Kinondo, mwendo mfupi tu kutoka fukwe za Diani, ataona kwamba kati ya kusema yote na kunyamaza kabisa ipo njia ya tatu. Wenyeji wameufungua msitu wao kwa wageni, ila kwa masharti yao. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huongozwa na mtu wa hapo hapo, huelezwa habari za miti na dawa, na zipo sehemu asizofikishwa. Anaondoka amejifunza mengi, na bado siri ina mwenyewe. Yanishangaza kwamba mtalii wa nusu saa hupewa masharti ambayo mtafiti wa wiki sita hakuwahi kujiwekea.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Kila mwaka tunawatuma wanafunzi nyanjani kukusanya fasihi simulizi. Wengi hawaendi, hunakili kutoka vitabu vya marudio, na baadhi ya vitabu hivyo vimenakili kutoka kwa wageni wale wale niliowataja. Na wale waendao hurudi na karatasi iliyoandikwa "mzee mmoja wa kijijini alisema". Tunawapa alama, na karatasi zinakwenda kufungiwa maandazi.

Tuwafundishe mambo manne. Mosi, mzee aulizwe kama angependa jina lake liandikwe, na akikubali liandikwe kamili. Pili, maneno yaandikwe kwanza katika lugha yake, iwe Chidigo au Chiduruma, ndipo tafsiri ifuate. Kwani tafsiri ikipotea yaweza kufanywa upya, lakini neno la asili likipotea limepotea. Tatu, kabla ya kufunga daftari mwanafunzi aulize: "Katika haya uliyonieleza, lipi nisiliandike?" Nne, na hili ndilo kubwa, nakala irudi kwa mwenyewe. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tukitoka nyanjani tunasherehekea shahada, na matanga tunawaachia wajukuu.

Faida ya kurudisha si ya adabu tu. Ni faida ya elimu yenyewe, kama nilivyokuja kuonyeshwa.

Mwezi mmoja baada ya semina nilikwenda Msambweni na sanduku langu. Kati ya kanda 6, nne zilikuwa zikisikika, nami nilikuwa nimezinakili katika simu. Mbili zilikuwa zimeliwa na ukungu. Tuliketi uani, mahali pale pale palipokuwa na mkeka: yule mwalimu, mama yake, majirani, na kaka wa marehemu, mzee wa miaka themanini na ushei. Sauti ya bibi ilipotoka kila mtu alinyamaza. Mama alijifuta macho kwa ncha ya leso.

Nilikuwa nimechukua pia tasnifu, nikawa nawasomea tafsiri yangu sehemu kwa sehemu. Nilipofika mahali ambapo bibi alitaja "mulunguni", nikasoma nilivyoandika mwaka 2004: "kwa Mungu". Mzee akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "hapo dada yangu alikuwa akieleza mvua. Mulunguni ni huko juu, kwenye mawingu." Watu wakacheka, nami nikacheka, ila kicheko changu kilikuwa na aibu ndani yake. Katika Chidigo neno mulungu hubeba maana ya Mungu na maana ya anga. Mimi, mzaliwa wa Mombasa ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, nilidhani ukaribu wa lugha zetu wanitosha. Nililisikia neno linalofanana na la kwangu, nikalipa maana ya kwangu, kisha nikajenga juu yake kurasa mbili za imani ya Wadigo. Bibi alikuwa akizungumzia mawingu ya masika.

Kurasa hizo mbili ziko maktabani. Yamkini kuna mwanafunzi aliyekwisha kuzinukuu, na mwingine atamnukuu yeye. Ndivyo nyika ilivyokuwa jina la watu.

Yule mwalimu sasa hutumia ngano mbili za bibi yake darasani, kwa lugha yake mwenyewe, na wanafunzi wake huzisikia kwa sauti ya msimulizi. Jina la marehemu sikulitaja hapa kwa sababu jamaa zake hawajaniruhusu kulitangaza gazetini. Katika nakala ya tasnifu niliyoiacha kwao, nimelifuta neno "Msimulizi" na tarakimu yake, nikaliandika jina lake kamili kwa mkono wangu. Lakini zile kanda mbili zilizoliwa na ukungu sina namna ya kuzilipa. Moja wapo, nikiamini lebo yake, ilikuwa ya nyimbo alizofundishwa na mama yake, na pale uani hakuna aliyezikumbuka.