Mkungu wa Ndizi Ambao Gemu Haijaubeba

Kijana wa Tukuyu aliyelipia zamu yake kwenye banda la gemu humwona mchezaji wa mpira akigeuka, akiteleza na kuinuka, asijiulize mwili ule umetoka wapi. Umetoka kwa mtu. Mtengeneza gemu Jordan Mechner alipotoa Prince of Persia mwaka 1989, mkimbio wa shujaa wake ulikuwa wa mdogo wake mwenyewe, aliyempiga video akikimbia na kuruka kisha akazifuatisha picha hizo moja baada ya nyingine. Watengenezaji wa FIFA 22 nao, mwaka 2021, waliwavalisha wachezaji 22 mavazi yenye vitambuzi vya mwendo, wakawachezesha mechi kamili, wakaipa kompyuta picha zaidi ya milioni 8.7 ijifunzie. (Mabanda yenye PS4 hayakuonja utamu huo, maana uliwekwa kwenye mashine mpya tu.) Kazi ya kuwapa uhai wahusika inazidi kuelekea huko, kwenye mashine inayojifunza kutokana na miili iliyorekodiwa, na ambaye hakurekodiwa atachezewa kwa mwendo wa mwingine.

Wapo watakaosema binadamu wote wana miguu miwili, kwa hiyo mwendo ni mwendo. Sayansi haikubaliani nao. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo: mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu yanayopimika. Utafiti uliofuata, wa 1995, ulionyesha kwamba siri iko kwenye namna ya kutembea. Sasa mtazame mama wa Rungwe anayeteremka na mkungu wa ndizi kichwani baada ya mvua, na mvua huku si haba. Hatua ni fupi, goti halinyooki kabisa, shingo imesimama wima. Akiitwa kutoka nyuma hageuzi kichwa, hugeuka mwili mzima. Mtengeneza gemu asiyelijua hilo atachukua mwanamke anayetembea mikono mitupu, atamtwika mkungu, na kichwa kitaendelea kuchezacheza chini yake. Mtoto wa Kiwira atacheka, na atakuwa na haki.

Wengine watauliza kama wilaya ya Rungwe, yenye barabara za vijijini za kutengeneza na bei ya parachichi ya kupigania, ina muda wa michezo ya watoto. Swali la haki, ila hakuna anayeiomba halmashauri studio ya kurekodia mwendo huo. Siku hizi zipo programu zinazosoma mwendo kutoka kwenye video ya simu. Matokeo yake bado yana kasoro: nyayo huteleza sakafuni, mkono uliojificha nyuma ya mzigo hupotea, na lazima fundi akae arekebishe. Urekebishaji huo ndio ajira yenyewe, na ufundi wa kuchora mwendo si mgeni nchini. Katuni za Ubongo Kids zinatengenezwa Dar es Salaam na zilianza kurushwa mwaka 2014.

Pingamizi zito zaidi ni la umiliki. Julai 2024 waigizaji wa gemu nchini Marekani, wakiwemo wanaotoa miili yao tu bila sauti, waligoma wakidai kulindwa dhidi ya akili bandia, na mgomo uliendelea hadi mwaka uliofuata. Kama wao wenye chama na mawakili walihitaji mgomo, mbeba ndizi atajilinda na nini? Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa sanaa za jadi, ngoma zikiwemo, hivyo wacheza ngoma ya jadi ya ing'oma wana pa kuanzia. Mwendo wa kazi hauna kinga ya namna hiyo. Kwa sasa kinga yake ni karatasi iliyosainiwa kabla simu haijawashwa, inayotaja malipo, matumizi yanayoruhusiwa, na iwapo video hiyo inaweza kufundishia mashine au la.