Upasuaji wa tumbo baada ya uzazi: ngozi hufunga mapema, misuli huchelewa

Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa kurekebisha tumbo mjini Kigali huruhusiwa kurejea nyumbani baada ya siku chache, na kwa kawaida ngozi huwa imefunga ndani ya wiki mbili. Kuanzia hapo majirani humwona ameshapona. Mtoto hunyoosha mikono abebwe, na jerikani la maji husubiri mlangoni. Ilhali kile alichoshonewa hasa, ambacho jicho halikioni, bado ni dhaifu.

Katikati ya tumbo, kutoka chini ya kifua hadi kwenye kinena, upo ukanda mweupe na mgumu unaounganisha misuli miwili mirefu ya kushoto na kulia. Mimba inapokua, ukanda huo hutanuka na misuli huachana. Kwa wanawake wengi hali hiyo hurekebika yenyewe. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016, uliowafuatilia wanawake 300 waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza, ulibaini kwamba wiki sita baada ya kujifungua asilimia 60 walikuwa na mwachano huo. Baada ya mwaka mmoja walibaki takribani asilimia 33.

Njia nyepesi ya kujipima ni kulala chali, kukunja magoti, kuinua kichwa kidogo na kubonyeza kwa vidole juu na chini ya kitovu. Pengo la vidole viwili au zaidi, au uvimbe unaochomoza katikati, ni sababu ya kumwona daktari. Si lazima liishie kwenye kisu. Tiba ya kwanza ni mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, kwa muda usiopungua miezi sita, na upasuaji hufikiriwa pale pengo linapobaki na kuleta usumbufu, au panapokuwa na ngiri.

Neno ngiri huwapoteza wengi, kwa kuwa wazungumzaji wa Kiswahili wamezoea kulihesabu kuwa gonjwa la wanaume. Ngiri ya kitovu huwapata wanawake baada ya uzazi, na ngiri nyingine hutokea kwenye mshono wa zamani wa upasuaji wa kujifungua. Utumbo unaweza kunasa humo, na hapo ni dharura.

Mwenye bima ya afya ya jamii, Mutuelle de Santé, huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ndipo apewe rufaa ya kwenda hospitali kubwa kama ile ya Chuo Kikuu, CHUK. Hospitalini mgonjwa huchangia asilimia 10 ya gharama. Ngiri huhesabiwa kuwa ugonjwa. Kuondoa ngozi iliyolegea kwa kawaida huhesabiwa kuwa urembo, na mhusika hujilipia mwenyewe. Mpaka huo ni wa makaratasi zaidi kuliko wa mwili, maana mara nyingi hitilafu hizo mbili hukaa kwenye tumbo moja.

Nguvu ya mshono

Wataalamu wa uponaji wa vidonda wanaeleza kwamba, wiki tatu baada ya upasuaji, kovu la ngozi huwa na takribani asilimia 20 hadi 30 tu ya nguvu ya ngozi isiyojeruhiwa. Baada ya miezi mitatu hukaribia asilimia 80, na halirudi tena kuwa kama mwanzo. Utando unaofunika misuli huchelewa zaidi ya hapo. Ndiyo maana madaktari wengi hukataza kuinua kitu kinachozidi kilo tano hivi kwa wiki sita za mwanzo.

Kilo tano ni kidogo mno kwa maisha ya Kigali. Jerikani la lita 20 likijaa maji lina kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja hukaribia kilo tisa, na anapobebwa mgongoni kwa kitenge, mama huinama, humrusha kidogo ili akae sawa, kisha hukaza fundo mbele. Yote hayo ni kazi ya misuli ileile iliyoshonwa. Kupanda ngazi za udongo za Nyamirambo bila mzigo si kosa, mradi iwe polepole. Kutembea hata huhimizwa, tangu siku ya kwanza au ya pili, kwa sababu mgonjwa asiyejongea huwa katika hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu.

Kuamka kitandani nako kuna namna yake: kugeuka ubavu, kushusha miguu, kisha kujisukuma kwa mikono. Aliyepunguzwa ngozi hulala siku za mwanzo akiwa ameegemea mito, magoti yamekunjwa, na hutembea akiwa ameinama kidogo. Kikohozi na chafya hukabiliwa kwa kubana mto tumboni. Dawa kali za maumivu, kama tramadoli, hufanya choo kiwe kigumu, na kujikamua chooni huvuta mshono kama kunyanyua mzigo. Maji ya kutosha, mapapai na mboga za majani husaidia.

Kufunga tumbo kwa kanga au kitenge ni desturi ambayo wanawake wengi waliipata kwa mama zao. Mkanda wa hospitali hufanana nayo kwa sura, lakini kazi yake ni kupunguza uvimbe na kuegemeza tumbo, hauunganishi misuli. Ukikazwa kupita kiasi huzuia pumzi na kusukuma uzito chini, kwenye nyonga. Mwenye mshono mbichi hana budi kumsikiliza aliyemshona kuhusu lini aufunge na lini auache. Majivu na dawa za mitishamba zisiguse kidonda.

Hatari inayokuja nyumbani

Kuhusu maambukizi, Rwanda ina mfano wake. Katika Hospitali ya Wilaya ya Kirehe, mashariki mwa nchi, watafiti waliwafuatilia wanawake waliojifungua kwa upasuaji na kuwachunguza tena siku ya kumi. Takribani mmoja kati ya kumi alikuwa na kidonda kilichoambukizwa, ilhali kwa kawaida wanawake hao huruhusiwa kutoka hospitalini mnamo siku ya tatu. Kutokana na kazi hiyo, wahudumu wa afya wa jamii walijaribu kupiga picha za vidonda kwa simu, ili tatizo ligundulike mama akiwa nyumbani kwake. Upasuaji wa kurekebisha tumbo ni mwingine, lakini kalenda ya maambukizi ni ileile: dalili nyingi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshaondoka wodini.

Sheria nayo haimfikii kila mtu. Tangu mwaka 2023 likizo ya uzazi nchini Rwanda ni wiki 14 badala ya 12, lakini upasuaji huu aghalabu hufanywa mwaka mmoja au zaidi baada ya kujifungua, likizo hiyo ikiwa imekwisha. Mwajiriwa anaweza kuomba cheti cha daktari. Muuza mboga wa soko la Kimironko hana wa kumpelekea cheti. Kwake yeye, nani atachota maji na nani atambeba mtoto ni maswali ya kujibiwa kabla ya kupanga tarehe, na mume ahusishwe. Ahusishwe pia katika swali la mimba nyingine, kwa kuwa mimba inaweza kuutanua tena ukanda uliokwisha kushonwa. Madaktari wengi hupendelea kusubiri hadi familia iamue kwamba uzazi umekamilika.

Homa, usaha, harufu mbaya, wekundu unaoenea au uvimbe wa majimaji chini ya ngozi ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyohiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla, au tumbo likijaa huku mgonjwa akitapika bila kupata choo, nambari ya kupiga kuomba gari la wagonjwa ni 912.