Mtoto wa ajabu ni nani?

Wahenga walisema: «Nyota njema huonekana asubuhi.» Ndiyo sababu mtoto wa miaka kumi akiuchezea mpira kwa ustadi, watu humwita mara moja mtoto wa ajabu, mwenye akili isiyo na kifani. Lakini je, jina hilo lamstahili kila awahiye? Tutazame mifano mitatu.

Wa kwanza ni Edson Arantes do Nascimento, ambaye dunia yote ilimjua kwa jina la Pelé. Alizaliwa Brazil mwaka 1940 katika nyumba maskini. Baba yake, mchezaji aliyeumia goti, ndiye aliyemfundisha. Mwaka 1956, akiwa na miaka 15, aliingia katika timu ya Santos. Mwaka 1958, kabla ya safari ya Sweden kushindania Kombe la Dunia, mtaalamu aliyepima akili za wachezaji alisema kwamba huyu angali mtoto mno, asichukuliwe. Mkufunzi wao, Vicente Feola, hakulikubali shauri hilo. Kijana huyo wa miaka 17 akawafunga Wafaransa mabao matatu, na katika mchezo wa mwisho akawafunga Wasweden mawili, Brazil ikashinda 5 kwa 2. Vipimo vya chumbani havikuona yaliyoonekana uwanjani.

Wa pili ni mabinti watatu wa László Polgár, mwalimu wa Hungaria. Bwana huyo alishika neno moja: akili ya ajabu haizaliwi, hufundishwa. Akawafundisha binti zake nyumbani mchezo wa sataranji, saa nyingi kila siku. Mwaka 1991 Judit, mdogo wao, alipata cheo cha juu cha mchezo huo akiwa na miaka 15 na miezi 4, mapema kuliko mtu yeyote kabla yake. Na mwaka 2002 alimshinda hata Garry Kasparov. Basi kazi na mafundisho vyaweza mengi. Walakini mabinti wale walilelewa katika nyumba moja, kwa mafundisho ya namna moja, wala hawakufika kimo kimoja. Zsófia hakukipata kile cheo walichopata dada zake wawili.

Wa tatu ni Freddy Adu, aliyezaliwa Tema, Ghana, mwaka 1989, akahamia Marekani pamoja na wazazi wake. Mwaka 2004, akiwa na miaka 14 tu, alicheza na watu wazima katika ligi kubwa ya nchi ile. Magazeti yakamwita Pelé mpya. Baadaye alipita timu nyingi za Ureno, Ugiriki, Uturuki, Brazil na kwingineko, wala hayo yaliyotabiriwa hayakutimia. Aliichezea timu ya taifa ya Marekani, nayo ni heshima kubwa. Lakini kwa sababu ya sifa zile za mapema, wengi walimhesabu kuwa ameshindwa.

Twajifunza nini? Kuwahi si lazima kuwa na akili ya ajabu. Katika timu za watoto, mara nyingi huchaguliwa waliozaliwa miezi ya kwanza ya mwaka, kwa kuwa wamewazidi wenzao mwili. Miaka ikipita, wenzao huwafikia. Mwenye akili ya ajabu hasa ni yule ambaye, akiisha kupita, kazi yenyewe haifanywi tena kama zamani, na wengine hujifunza kwake. Jambo hilo halijulikani asubuhi, hujulikana jioni.

Kwa hiyo, enyi wazazi, kipaji cha mtoto kilisheni kwa mazoezi na subira, kama baba yake Pelé alivyofanya. Msimtoe shuleni kwa sababu ya makofi ya Jumapili moja, maana goti huvunjika, lakini elimu hubaki. Nanyi wanafunzi, kumbukeni: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Anayesifiwa leo na azidishe kazi. Na asiyesifiwa bado, asikate tamaa.