Pompi za esansi za zamani: kabla koperative haijatoa pesa



Kuko swali moja linaloturudilia katika mikutano, hasa upande wa Lubunga na kwenye barabara ya Buta: "Mtu fulani anauzisha pompi za stasio yake iliyokufa. Anasema tutapimia nazo mawese. Tununue?" Tunajibu hapa kwa wote, kwa sababu pesa inayotakiwa ni michango yenu, na ikishatoka ni vigumu kuirudisha.

Kwanza, hizo pompi zimetoka wapi? Kila mtu wa Kisangani anajua. Zamani esansi na mazutu vilipanda mto kwa bato kutoka Kinshasa, na stasio zilikuwa na kazi. Vita vya 1998 vikakata mto, na hata njia ilipofunguliwa tena 2003, watu walikuwa wamekwisha kuzoea makadhafi na chupa zao kando ya barabara, na mafuta yanayofika kwa malori kutoka mashariki. Stasio nyingi hazikuamka. Pompi zimebaki zimesimama kama sanamu, na siku hizi wenyewe wanatafuta wa kuwaondolea.

Tuanze na mawese, maana ndiyo sababu ya wengi wenu kuuliza. Tunaelewa uchungu. Mnunuzi anafika na bidoni anayoiita ya litre 20, kumbe imewekwa kwenye moto ikavimba, na mnajaza zaidi kwa bei ileile. Mtu anawaza: nikiwa na pompi yenye namba, nani atanidanganya? Lakini jibu letu ni hapana, na halibadiliki. Pompi iliyopitisha esansi miaka 20 au 30 haisafishiki. Mafuta yamelala ndani ya mipira ya kuzibia, ndani ya filta, ndani ya kila kona. Tena, katika Afrika yetu kusini ya Sahara esansi yenye risasi iliendelea kuuzwa mpaka mwisho wa 2005, kwa hiyo pompi ya zamani inaweza kuwa na uchafu wa risasi, na risasi inaharibu akili ya mtoto. Kuosha kwa sabuni na maji ya moto hakutoshi. Na hata kama ingekuwa safi, mawese ni mazito, asubuhi yanaganda. Pompi iliyotengenezwa kwa esansi itasukuma hewa na kuonyesha namba za uongo.

Dawa ya bidoni iliyovimba ni mizani. Litre 20 za mawese zina uzito wa karibu kilo 18. Pima bidoni tupu, pima ikijaa, toa. Ikizidi kilo 18 sana, mnunuzi anachukua mafuta yenu bure. Mizani ya kuning'iniza inatosha kwa kazi hiyo, na inapima pia mpunga na mahindi.

Wengine wameuliza kama pompi inaweza kuvuta maji ya mto kwa bustani. Hapo pia hapana. Mafuta yenyewe ndiyo yanayolainisha vyuma vya ndani. Ukiweka maji, kutu inaingia, na mchanga wa mto unamaliza yaliyobaki. Maji ya kunywa ndiyo tusiyazungumze kabisa.

Sasa kazi ambayo pompi inaweza kufanya vizuri: kugawa mazutu. Koperative nyingi ziko na mashini ya kukoboa mpunga au ya kusaga, zinanunua fûti ya litre 200, halafu wanagawa kwa chupa na kikombe. Mwisho wa mwezi hesabu haifungi, na wanamemba wanaanza kuangaliana vibaya. Mazutu kidogo yamemwagika, kidogo mtu amechukua, hakuna anayejua. Pompi yenye kipimo inamaliza maneno hayo: namba za fûti ziandikwe daftarini, na namba za kila aliyepewa ziandikwe pia.

Angalieni sana ni pompi ya aina gani. Katika ile ya zamani, mafuta yakipita yanasukuma pistoni za kipimo, pistoni zinazungusha mti wa chuma, na mti unazungusha magurudumu ya namba. Kuhesabu kwake hakuombi umeme. Fundi anaweza kuondoa motere, akaweka mpini kwenye puli, mkazungusha kwa mkono. Inaenda polepole lakini inapima. Ile ya kisasa yenye namba za mwanga inategemea kadi ya elektroniki, na kadi ikiungua hapa Tshopo mtabaki na sanduku zuri tu. Sisi tungechukua ya zamani yenye rangi iliyochubuka na kuiacha ya kisasa inayong'aa.

Kama mnataka kubaki na motere, soma kibao chake kwanza. Nyingi ni za nguvu ndogo, chini ya kilowati moja, lakini motere ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, na grupu ndogo inakufa palepale. Zingine ni za faze tatu. Tena motere ya stasio imefungwa ili cheche isitoke nje. Kama fundi ameifungua na kuirudisha ovyo, isikaribie esansi hata kidogo. Kwa mazutu hatari ni ndogo zaidi, kwa sababu mvuke wake hauwaki kirahisi kama wa esansi, lakini sigara ibaki mbali.

Kabla ya kulipa, ipimeni. Tafuteni chombo cha litre 20 kilichohakikishwa, si bidoni ya sokoni (mmekwisha kuona kwa nini). Pitisheni mazutu kwanza ili hewa itoke na chombo kilowane, mwageni, halafu jazeni mpaka namba ionyeshe 20. Rudieni mara tatu. Kanuni ya kimataifa inaruhusu kosa la nusu ya mia moja, maana yake desilitre moja kwa litre 20. Ikipungua au kuzidi hapo kila mara kwa kiasi kilekile, fundi anaweza kurekebisha. Ikitoa leo hivi, kesho vile, kipimo kimechoka, kataeni. Na kama mnafikiria kuuzisha mazutu kwa watu wa nje ya koperative, hiyo ni biashara nyingine yenye ruhusa zake. Waulizeni OCC na watu wa serikali kwanza, si baadaye.

Pompi ambayo haipimi tena bado iko na bei, lakini msiiuze nzima kwa mtu wa feraye. Anayenunua kwa kilo analipa vyote kama chuma. Tenganisheni shaba ya motere, shaba ya manjano ya viungo, aluminiamu ya kipimo, na chuma. Nyaya zichunwe kwa kisu, zisichomwe, moshi wake ni sumu. Mpira na pistole vikiwa vizima, wenye balenière na wenye magari wanavitaka. Shule za ufundi pia zinaweza kupenda pompi iliyokatwa ubavu kwa kufundishia.

Jambo moja linatusumbua. Aluminiamu hiyo inaishia mara nyingi kwa wanaoyeyusha vyuma kutengeneza sufuria, na vipande vilivyolowa esansi ya risasi havifai kupikia. Mkiwauzia, waambieni wazi vimetoka wapi.

Kuhusu wazungu wanaokusanya pompi za kale, ndiyo wako, Ulaya na Marekani, na wanapenda zile za mkono zenye chupa ya kioo juu. Lakini hesabuni safari kutoka Kisangani mpaka baharini. Mtu akiwaambia mtatajirika kwa njia hiyo, mwacheni atangulie yeye.

Matanki ya chini ya ardhi msiyaguse. Tanki linaloonekana tupu limejaa mvuke, na fundi anayelikata kwa moto anaweza kulipuka nalo. Kama muuzaji anasema lazima mchukue pompi na tanki pamoja, ondokeni.

Na karatasi. Pompi ni mali ya mtu au ya kampuni, hata kama imesimama miaka mingi bila kazi. Ombeni akti ya kuuza yenye jina la mwenye stasio, namba iliyochongwa kwenye kibao cha pompi, bei na sahihi za mashahidi wawili. Bila hiyo, siku mnapoisafirisha kwa pusipusi kuelekea mto, mtaulizwa mmeiba wapi, na hamtakuwa na jibu. Nakala moja ibaki kwa mweka hazina, nyingine kwa rais wa koperative.